Mshumaa katika Chupa

Namba arobaini na sita aliketi na helmeti mapajani,
akasema ni malaria tu, imeshuka chini.
Malaria haiunguzi mkojo, nikamwambia,
naye akatazama ukuta, pale palipoandikwa Usiteme Mate.

Hapa Kadutu jina hubaki mlangoni.
Ndani tunaita namba.
Lakini Bukavu imejengwa juu ya mteremko,
nyumba ya huyu inachungulia bati la yule,
na namba nazo zina mashangazi.

Nilipaka tone juu ya slaidi, nikaipitisha motoni mara tatu:
urujuani, kisha iodini, kisha spiriti ya kuosha,
mwishoni wekundu wa fuksini.
Umeme ukakatika, desturi yake ya saa nne.
Hadubini yetu ni ya kizamani, ina kioo chini ya tumbo;
nikaibeba hadi dirishani,
nikakigeuza kioo mpaka kikanasa mwanga wa ziwa.

Nao walikuwapo.
Wawili wawili, tumbo kwa tumbo,
waridi, ndani ya chembe zilizowameza
zisiweze kuwamaliza.
Mama yangu alichambua kahawa kule Katana miaka kumi na tisa,
mbovu huku, nzima huku,
kucha zake zikashika rangi ya maganda.
Angewajua. Angesema: hizi pacha, zitoe.

"Andika minyoo," aliniomba.
Alitoa franga elfu tano, amezikunja ndogo kama kidonge.
Niliandika kilichoonekana.
Chini yake nikaandika: Aje na mwenzake.

Hakuja na mtu. Juma lilipita,
Jumatatu akaingia mama mmoja kutoka soko la Nyawera,
vidole vinanuka sambaza.
Hana maumivu, hana kitu, ametumwa tu.
Namba hamsini na tisa.
Mkononi alishika karatasi yenye mwandiko wangu.

Slaidi yake niliitembea pembe hadi pembe, kama mtu aliyedondosha pete.
Hakuna.
Cirhuza, mwanafunzi wangu, akafurahi: "Huyu ni safi!"
Nikamwambia, kwa wanawake mdudu huyu hujua kujificha,
kutomwona si kutokuwapo;
na hilo neno "safi" tuwaachie wafua nguo.

Tukapanda sampuli katika chakula cha damu,
damu iliyopikwa hadi ikawa rangi ya chokoleti.
Tukaiweka sahani chupani, tukawasha mshumaa kando yake,
tukafunga kifuniko.
Mshumaa hunywa hewa yake yenyewe,
hupungua, huinama, hufa,
na katika pumzi iliyosalia mdudu hustawi.
Pale moto uliposhindwa, ndipo yeye anapojitokeza.
Mwaka wa kumi na moja huu; sijaizoea.

Usiku niliamka mara mbili
kusikiliza kama jenereta bado inakohoa.

Keshokutwa yake, matone madogo, ya kijivu, kama umande.
Nikaligusa moja kwa dawa, likageuka zambarau.

Alirudi. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno.
Hakulia. Aliuliza bei ya dawa,
akafungua fundo la kitenge, akahesabu, akafunga.
Halafu akauliza lile wanalouliza wote:
"Nani alimletea mwenzake?"

Hadubini haisomi tarehe, mama.
Inaonyesha wawili. Haionyeshi mlango waliopitia.

Alicheka, kicheko kikavu kama samaki wa juzi.
"Basi na mimi nitawasha mshumaa," akasema,
"nifunge kifuniko, nione atatokea nani."

Akashuka na ngazi za matope, ndoo kichwani,
bila kushika popote.
Niliosha chupa. Nta ilikuwa imeganda chini;
nikaikwangua kwa kisu, nikaitunza kwa ajili ya kesho,
maana nje, kwenye benchi,
namba sitini alikuwa amekwisha vua kofia.